Mahojiano ya kina na wadau wakuu wa uvuvi Lamu: nawezaje kuvuka majibu ya mkutanoni?

Mwanafunzi_Mkomani ameuliza:

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Mkomani, na ninaandika tasnifu kuhusu namna ujenzi wa bandari ya Lamu ulivyobadilisha uvuvi katika ghuba ya Manda na kisiwa cha Pate. Njia niliyoichagua ni mahojiano ya kina na wadau wakuu. Takwimu za samaki wanaoshushwa zinaweza kunionyesha kwamba kilo zimepungua au zimeongezeka, lakini haziwezi kunieleza kwa nini nahodha ameacha eneo alilolivua tangu ujana wake, wala ni nani katika chombo aliyeamua hivyo.

Shida yangu ni kwamba karibu kila ninayeketi naye ananipa maneno yale yale ambayo nimekwisha kuyasikia mikutanoni na redioni: bahari yetu imeharibiwa, fidia ni haki yetu, serikali itusikilize. Sisemi kwamba maneno hayo si ya kweli. Mahakama Kuu ya Malindi iliyapima mwaka 2018 na kuamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hata hivyo, tasnifu haiwezi kusimama juu ya kauli ambayo imo tayari katika hukumu. Maafisa nao, kwa upande wao, wananijibu kwa sentensi zinazofanana na taarifa kwa vyombo vya habari, na ofisi moja imenitaka niwapelekee maswali yote kwa maandishi kabla ya kunipa miadi.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Ni nani hasa nimhesabu kuwa mdau mkuu, na watu wangapi wanatosha? Nikubali kupeleka maswali mapema au nikatae? Na nifanye nini ili mtu aache hotuba anieleze aliyoyafanya na aliyoyaona? Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, ninacho, na nimekwisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu, kwa hiyo upande huo umekamilika.

Msafiri_wa_Faza amejibu:

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Swali lako limenigusa kwa sababu nimesaidia watafiti kadhaa visiwani, na jambo unalolieleza lina chanzo chake. Tangu mradi wa LAPSSET, yaani ule wa bandari hii na njia za usafiri za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, uzinduliwe mjini Lamu Machi 2012, watu wetu wamehojiwa na wanahabari, wanasheria, wanaharakati, wataalamu wa tathmini ya mazingira na wanafunzi, na wengi kati ya hao walihitaji kauli fupi ya kunukuu. Kesi nayo humzoesha mtu kusema jambo moja kwa namna moja bila kuyumba. Ukija na swali linalofanana na la waliokutangulia, mzee atakupa jibu alilowapa wao, wala si kwa hila, bali kwa heshima, kwa kuwa anaamini ndilo ulilolifuata. Swali la “bandari imewaathiri vipi?” limembebea jibu mtu kabla hajafungua kinywa.

Mimi ningeanzia kwenye kazi yake. Mwombe nahodha akusimulie safari yake ya mwisho ya baharini tangu walipopakia barafu hadi walipogawana: chombo kiliondoka saa ngapi, maji yalikuwa ya bamvua au maji mafu, walipita njia gani, nani alichagua mahali pa kutupa nyavu, mafuta yaligharimu kiasi gani na nani aliyatoa, samaki walipimwa kwa mchuuzi gani na kwa bei iliyopangwa na nani, kisha tajiri wa chombo alichukua fungu gani na mabaharia wakabakiwa na nini. Akimaliza, mwombe akusimulie safari ya kaskazi mojawapo anayoikumbuka vizuri ya zamani, kwa mpangilio ule ule. Usiitaje bandari. Ikiwa imebadilisha kazi yake, itajitokeza yenyewe mahali pake hasa: katika njia wasiyoipita tena, katika galoni za mafuta zilizoongezeka kwa sababu ya kuzunguka, katika kijana aliyekimbilia kazi ya bodaboda. Na ikiwa haikujitokeza, hilo pia ni jambo la kuandika.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za Lamu zinapoharibikia. Mvuvi wa hapa hakupigwa na jambo moja. Elnino ya mwaka 1997 hadi 1998 iliua matumbawe mengi katika pwani yote ya Kenya. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 iliwekwa amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ukazuiwa, jambo ambalo kwa anayetegemea nyavu za kulaza lilikuwa sawa na kufungiwa duka. Uchimbaji wa kina cha bandari ukaja juu ya hayo, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mtu akikwambia “tangu bandari, samaki hakuna”, inawezekana kabisa anazungumzia miaka ambayo marufuku ya usiku ilikuwa imemkalisha nyumbani. Hasemi uongo, kumbukumbu huyakusanya matukio chini ya lile lililo kubwa kuliko yote. Kwa hiyo beba mlolongo wa matukio ambayo kila mtu anayajua, kisha kila anapotaja badiliko umuulize kama lilikuwa kabla au baada ya tukio fulani: kabla ya tsunami ya Desemba 2004, baada ya Mpeketoni, kabla ya gati kufunguliwa. Watu wengi hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka vyema ni mtoto gani alikuwa amezaliwa na ni chombo gani walikuwa wakitumia. Uchambuzi wako wote utategemea utaratibu huo.

Kuhusu nani ni mdau mkuu, usimfuate mwenye cheo peke yake. Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, umhoji, ndiyo, kwa kuwa vikundi hivyo vina mamlaka ya kisheria juu ya fukwe zao tangu kanuni za mwaka 2007, na pia kwa kuwa ukimruka hutapokelewa. Lakini mfuate samaki mwenyewe anakopita. Yuko mtengenezaji wa barafu, yuko mchuuzi anayewakopesha wavuvi pesa za mafuta na kwa hiyo anajua madeni ya kila chombo, yuko fundi wa mashua anayejua nani ameagiza chombo kikubwa zaidi ili afike maji ya mbali, yuko mzamiaji wa kamba Kizingitini, yuko mkata mikoko ambaye hakuna anayemkumbuka katika mijadala ya bandari ingawa njia zake za majini ni zile zile. Watu hawa hawajawahi kuwekewa kipaza sauti mbele yao, na kwa sababu hiyo hawana hotuba.

Ukipata wahojiwa kwa kuelekezwa na mtu hadi mtu, anza kwenye milango kadhaa isiyojuana. Ukianzia kwa waliokuwa mstari wa mbele katika kesi, wataendelea kukupeleka kwa wenzao, na hutamfikia yule ambaye jina lake halikuingia katika orodha ya fidia, wala baharia wa kuja anayevua nasi msimu na kuondoka.

Juu ya idadi, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ambao wengi huutegemea. Ulitumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, na ukakuta kwamba karibu mada zote za msingi zilikwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Watu huichukua ile 12 wakasahau kwamba wahojiwa wale walikuwa wa hali zinazofanana. Wewe una makundi ambayo hayafanani hata kidogo, kwa hiyo hesabu ukomo kwa kila kundi peke yake: unapohoji manahodha na wawili watatu mfululizo hawakuongezi jambo jipya, hapo manahodha wametosha, lakini wachuuzi wanaweza kuwa bado.

Maswali ya ofisini mimi nisingeyapeleka. Ukiyapeleka, utapokea karatasi iliyoandikwa na mtu wa mawasiliano.

Bi_Langoni amejibu:

Mwanangu, aliyoyasema ndugu wa Faza ni kweli, nami nitaongeza mambo ambayo wanaume husahau.

Kwanza ni mahali. Mji wa kale wa Lamu haukujengwa kwa ajili ya siri. Ukimhoji mtu barazani, kila anayepita atasalimia, wawili watakaa kusikiliza, na hapo mzee hataongea nawe tena, atauhutubia mtaa. Hata daka la nyumba lina masikio ya jirani. Ndiyo maana unasikia yale ya mkutanoni: umemweka mtu mkutanoni bila kukusudia. Muulize yeye mwenyewe ni wapi angependa. Wapo waliozungumza nami vizuri zaidi wakiwa wanashona nyavu, mikono ikiwa na kazi na macho hayakutani, na wapo waliotaka tukutane Mokowe, upande wa bara, walipokwenda kwa shughuli zao ili wasionekane. Saa nayo ina uzito wake. Kabla ya maji kujaa mtu anayengoja kuondoka hana nafasi ya moyo, na siku za kaskazi nzuri utamkuta mchovu. Kusi linapovuma kwa nguvu vyombo vingi hulala ufukweni, na mazungumzo huwa marefu. Baada ya swala ya alasiri ni wakati mzuri. Ramadhani usihoji mchana mahojiano ya saa mbili, maana mtu atakuvumilia kwa adabu tu.

Pili ni wanawake. Wakaangaji na wauzaji wa samaki, hao tunaowaita mama karanga, huona badiliko la bahari mapema kuliko afisa yeyote, kwa sababu wao ndio wanaojua ni samaki wa ukubwa gani aliyekuwa akikaangwa na sasa anakaangwa yupi, na ni siku ngapi kwa wiki wanarudi na beseni tupu. Wewe ukiwa kijana wa kiume usitarajie kuketi peke yako na mke wa mtu nyumbani kwake ukapata maneno ya ndani. Mtafute dada aliyesoma, anayejulikana mtaani, mfundishe mwongozo wako wa maswali kwa makini, mlipe haki yake, na jina lake uliandike katika tasnifu akikubali. Na asihoji mbele ya mume. Mume akiwepo, ndiye atakayejibu.

Kinasa sauti usikiweke mezani ukakiwasha huku ukisema “natumai huna neno”. Hapa kwetu, katika miaka ile ya operesheni za usalama, watu waliona wenzao wakichukuliwa kwa maneno, na hofu hiyo haijaisha. Mweleze sauti itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza na itafutwa lini, na kwamba anaweza kusema zima wakati wowote bila kutoa sababu. Mwonyeshe kitufe chenyewe. Akikataa, andika kwa mkono maneno machache ya kukukumbusha, kisha ukimaliza usiende kunywa chai na marafiki. Keti palepale karibu uandike yote kabla hayajakutoka. Na usikizime haraka kwa wale waliokubali, kwa maana mara nyingi neno lenyewe husemwa mgeni akiwa amekwisha kusimama mlangoni. Hilo likisemwa baada ya kuzima, muulize kama unaruhusiwa kulitumia.

Mstaafu_Malindi amejibu:

Salamu kutoka Malindi. Nimefanya kazi upande wa serikali katika masuala ya uvuvi hadi nikastaafu, na nimehojiwa na wanafunzi wengi, kwa hiyo naomba nieleze mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Simkubali ndugu wa Faza kuhusu maswali ya ofisini.

Afisa wa umma hawezi kuzungumza kwa jina la idara bila idhini, na anayekutaka umpelekee maswali mara nyingi anataka kitu cha kumwonyesha mkubwa wake ili aruhusiwe kukuona. Ukikataa, umefunga mlango uliokuwa nusu wazi. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja yenye kusudi la utafiti, nakala ya kibali, na mada nne au tano utakazozungumzia, bila maswali yenyewe. Atapata cha kupeleka juu, nawe utabaki na uhuru wa kuuliza. Wakijibu kwa karatasi iliyoandaliwa, ipokee kwa shukrani, kwa kuwa ni msimamo rasmi wa ofisi na una mahali pake katika tasnifu, kisha omba dakika 20 za kufafanuliwa mambo yaliyomo. Katika ufafanuzi huo ndimo mahojiano yanamofanyika.

Jambo lililokuwa likinichosha zaidi ni mwanafunzi kuja kuniuliza yaliyomo katika nyaraka. Kabla ya kuketi na afisa, soma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, soma hukumu ya mwaka 2018 yote na si muhtasari wa gazeti, soma pia uamuzi wa Juni 2019 ambao Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira iliufutia leseni mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, kwa sababu miongoni mwa hoja zake ni ushirikishaji wa umma usiotosheleza. Uamuzi huo utakufundisha kitu kuhusu kazi yako mwenyewe: mikutano ilifanyika, lakini kufanyika kwa mkutano hakukuonekana kuwa ushahidi kwamba watu walielezwa athari na wakapata nafasi ya kuzijibu. Waraka unaoukosa unaweza kuuomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

Ukiisha kusoma, muulize afisa kuhusu utaratibu na si kuhusu maoni. Ukimuuliza kama fidia ilicheleweshwa, atajilinda, na ana haki ya kujilinda. Mwombe badala yake akueleze hatua kwa hatua jinsi jina la mvuvi mmoja linavyotoka ufukweni hadi kuingia katika orodha: nani analiandika, nani analithibitisha, ni kitambulisho gani kinachotakiwa, likikataliwa mvuvi anaarifiwa vipi na anakata rufaa wapi. Nilipokuwa nikiulizwa hivyo nilijikuta nikieleza mapungufu ya mfumo bila kumlaumu mtu, kwa sababu hatua zenyewe zilikuwa zikionyesha mahali zinapokwama. Maswali mazito yaache mwishoni, na ukipewa neno ambalo afisa anasema lisinukuliwe, lisinukuliwe kwa namna yoyote, hata kwa kuficha cheo chake. Litumie kukuelekeza kwenye swali la kumuuliza mtu mwingine anayeweza kulisema wazi.

Nakubaliana na Bi Langoni kuhusu mahali. Ofisi zetu zina meza tatu katika chumba kimoja, na hakuna atakayekosoa idara yake mwenzake akiwa anasikiliza.

Mwanafunzi_Mkomani ameandika:

Nimeshukuru sana, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimekwisha kuuandika upya mwongozo wangu wa maswali, nimeanza na safari ya mwisho ya baharini kama nilivyoshauriwa, na nimezungumza na dada mmoja wa Langoni ambaye amekubali kushirikiana nami kwa upande wa wauzaji.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, nimewaahidi wahojiwa kwamba majina yao hayatatajwa, lakini nikiandika “mwenyekiti wa BMU wa mahali fulani” kila mtu Lamu atamjua. La pili, watu wengine wanauliza watapata nini. Chuo hakiruhusu malipo, lakini naona vibaya kumchukulia baharia saa mbili zake nikaondoka na asante peke yake.

Msafiri_wa_Faza amejibu:

La kwanza ni zito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu kuwa taarifa binafsi kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, na cheo katika mahali padogo kinamtambulisha sawasawa na jina. Njia moja ni kupanua eneo: andika “kiongozi wa wavuvi, kisiwa cha Pate”, kwa kuwa Pate ina Siyu, Faza, Kizingitini na vijiji vingine, na viongozi ni zaidi ya mmoja. Lakini angalia na maudhui. Ukificha cheo kisha ukanukuu kisa cha chombo kilichozama mwezi fulani, umeshamtaja. Visa vya namna hiyo vieleze kwa maneno yako, ukiacha vile vitambulisho visivyohitajika katika hoja. Pale ambapo cheo ndicho kinachoipa kauli uzito, kama kwa mwenyekiti au mkuu wa idara, mrudie na maneno yake yaliyoandikwa, asome au asomewe, achague mwenyewe kati ya kutajwa kwa cheo na kufichwa. Wengine watataka kutajwa, na hilo nalo ni haki yao. Kumbuka pia kwamba msomaji wa karibu zaidi wa tasnifu yako atakuwa mtu wa Lamu, kwa hiyo jaribu kila nukuu kwa kujiuliza kama jirani yake angemtambua.

Bi_Langoni amejibu:

La malipo, tofautisha kati ya kununua maneno na kufidia wakati. Ukitangaza malipo, kesho utaletewa wahojiwa ambao hawajawahi kupanda chombo, na majibu yatakuwa yale wanayodhani unayataka. Lakini nauli ya boti ya aliyekufuata, chai na mahamri mliyokula pamoja, sabuni na sukari kwa nyumba iliyokupokea, huo ni uungwana wa kawaida, na hakuna chuo kitakachokulaumu ukiwaeleza mapema na kuuandika katika sehemu ya mbinu za utafiti. Toa baada ya mahojiano, si kabla, na utoe sawasawa kwa aliyekupa maneno mengi na kwa aliyekupa machache.

Kisha kuna kinachosubiriwa zaidi ya sukari. Waulizie watu kama yupo mtafiti aliyewahi kurudi kuwaeleza alichokiona, usikie watakavyokujibu. Ukiwa bado unaandika, panga siku ya kwenda Faza na Kizingitini, kabla ya tasnifu kufungwa, uwasomee kwa Kiswahili kurasa chache za matokeo yako, na uwe na daftari mkononi, maana watakusahihisha majina ya miamba na mpangilio wa miaka. Umwambie na dada uliyemchukua afanye hivyo hivyo na kina mama, peke yao.

Mstaafu_Malindi ameandika:

Nakala moja iache katika ofisi ya BMU na nyingine katika idara ya uvuvi ya kaunti, zote mbili zikiwa na muhtasari wa Kiswahili mbele, na uombe zipigwe muhuri wa kupokelewa.